Mtandao Usikudhanie Mwindonesia

Mama yangu mdogo anafuga kuku Tanga, na siku hizi wateja wake wengi humpata mtandaoni. Mwaka juzi aliandika tangazo fupi, vilevile anavyonadi barazani kwake: “Kaka, dada, kuku wapo.” Haikupita saa, binti yake aliyeko Uingereza akapiga simu. Chini ya tangazo mtandao ulikuwa umeweka kitufe cha kutafsiri kutoka Kiindonesia, na rafiki yake Mwingereza alipokibonyeza aliletewa habari za ndugu mkubwa, kifua na kucha. Mama mdogo akanijia na simu mkononi. “Mwanangu, hebu nitazamie. Nimeandika kuku, huko wanasoma kucha.”

Tulikaa na ile simu mpaka magharibi. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafanya siku ile, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye nikiwasaidia ndugu na majirani.

Kosa lile lina sababu. Kwa Kiindonesia, kaka ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume. Dada ni kifua. Kuku ni kucha. Ukiongeza neno dunia, ambalo sisi na wao tulilichukua kwa Waarabu na maana yake haikubadilika, utaona jinsi sentensi fupi inavyoweza kuchukuliwa na mashine ikapelekwa ng’ambo ya bahari. Wala kosa hilo halikuwa la mama mdogo peke yake. Watumiaji wa Twitter walikerwa na jambo hilohilo kwa muda mrefu, ujumbe wao wa Kiswahili ukibandikwa jina la Kiindonesia, mpaka wakaanza kulalamika kwa alama ya reli ya #SwahiliIsNotIndonesian. Mwaka 2018 mtandao huo ukaanza kukitambua Kiswahili. Facebook nayo ina sura ya Kiswahili tangu 2009, iliyotafsiriwa na wasemaji waliojitolea, na mwaka huohuo Google Translate ikaiingiza lugha yetu. Kwa hiyo Kiswahili kimo. Ila mara nyingi hakikufuati, wewe ndiye unayekifuata.

Kabla hujagusa chochote, elewa kwamba mtandao unajiuliza maswali mawili kukuhusu: huyu anasoma lugha gani, na huyu yuko wapi. Watu wengi huyachanganya, ndiyo maana wanabadilisha kitu kisichohusika halafu wanasema haikusaidia. Lugha hutazamwa kwenye mipangilio ya simu, kwenye mipangilio ya akaunti, kwenye maneno unayoandika na kwenye yale unayotulia kuyasoma. Mahali hutazamwa kwenye laini ya simu, ambayo hubeba namba ya nchi ndani yake (640 ni Tanzania, 639 Kenya, 641 Uganda, 630 Kongo), kwenye anwani ya IP ya intaneti unayotumia, kwenye GPS kama umeiruhusu, na kwenye sehemu unazozitaja mwenyewe. Mtu anayeishi Muscat kwa laini ya Oman, simu yake ikiwa ya Kiingereza na ndugu zake wote wakiwa Pemba, anatoa dalili zinazovutana. Mtandao hautamuuliza. Utabahatisha. Kazi yako ni kuupunguzia kubahatisha.

Anza na simu, usianze na mtandao. Programu nyingi zikifunguliwa mara ya kwanza hutazama lugha ya simu na kuifuata. Ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa lugha, uongeze Kiswahili kwenye orodha. Neno “ongeza” ndilo muhimu hapa. Si lazima ukiondoe Kiingereza au Kifaransa. Simu za Android hukubali orodha ya lugha kadhaa kwa mpangilio, na programu ikikosa lugha ya kwanza hushuka kwenye ya pili. Mama mdogo tulimwekea Kiswahili juu, Kiingereza chini yake. Mimi mwenyewe nimezoea maneno ya simu kwa Kiingereza, kwa hiyo nimegeuza, Kiswahili kiko cha pili.

Utakutana na Kiswahili cha Tanzania, cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Chagua cha nchi unayoishi au unayofanyia biashara, kwa sababu chaguo hilo huvuta pamoja nalo sarafu na namna ya kuandika tarehe. Hili la tarehe limeshaharibu mialiko mingi. Simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani husoma 4/7 kuwa tarehe 7 Aprili; kwetu hiyo ni tarehe 4 Julai. Ukitangaza harusi au mnada, andika mwezi kwa jina lake.

Kama hutaki simu nzima ibadilike, Android kuanzia toleo la 13 inakuruhusu kuipa kila programu lugha yake: WhatsApp kwa Kiswahili, barua pepe kwa Kiingereza. Kwenye iPhone jambo hilo lipo tangu iOS 13. Fungua mipangilio, shuka mpaka kwenye jina la programu yenyewe, na sehemu ya lugha itaonekana ikiwa simu ina lugha zaidi ya moja kwenye orodha yake. Si kila programu ina Kiswahili, kwa hiyo usipokiona humo usidhani umekosea. Na ukiogopa kupotea ndani ya lugha usiyoijua, kumbuka kwamba kwenye orodha hizo kila lugha huandikwa kwa jina lake la nyumbani. Hata simu ikiwa ya Kichina, Kiswahili kitakuwa kimeandikwa “Kiswahili”.

Ukimaliza simu, ingia kwenye akaunti. Facebook ina maswali yake ya ziada katika sehemu ya lugha: ungependa maandishi ya wengine yatafsiriwe kwa lugha ipi, lugha zipi zisitafsiriwe kabisa, na zipi zisigeuzwe zenyewe bila wewe kuomba. Wengi hawajawahi kufika hapo. Kama unasoma Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, ziweke zote tatu kwenye orodha ya zisizohitaji tafsiri. Vinginevyo utakuwa unasoma Kiswahili cha shangazi yako kikiwa kimeshapitia kinywa cha mashine.

Kibodi nayo iongezee Kiswahili. Ya Google inakubali lugha mbili au tatu kwa wakati mmoja, na inajua Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Kibodi isiyokijua itakuwa inapiga mistari myekundu chini ya maneno sahihi na kukubadilishia mengine bila kukuuliza, nawe utatuma usichokusudia.

Sasa tuje kwenye maandishi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtu ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani.

Mashine inayotambua lugha hutazama maneno na mfuatano wa herufi. Ikipewa maneno manne mafupi, haina pa kushika. Ikipewa sentensi yenye vitenzi vyetu, hukumu inakuwa nyepesi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na maumbo hayo Kiindonesia hakina. “Kuku wapo” inaweza kupotea njiani. “Kuku wa kienyeji wanapatikana, nitakuletea mpaka mlangoni” haipotei. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeandika tangazo ni kwamba aweke angalau sentensi moja kamili yenye kitenzi. Inamfaa msomaji pia.

Ushauri wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu kosa lake naliona kila siku: usikatekate kitenzi. Watu wanaandika “nita kuletea”, “ana kuja”, “tuna uza”. Kwa jicho la mwanadamu maana inapenya. Kwa mashine umeshavunja neno, na vipande vilivyobaki kila kimoja kina maana nyingine. “Tuna” peke yake ni samaki wa kopo kwa Kiingereza. Andika tunauza, anakuja, nitakuletea. Ni hivyohivyo kwa l na r. Katika tangazo la uchaguzi wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mtu aliandika “siku ya kupiga kula”. Sisi tulielewa. Mwenzetu aliyesoma tafsiri alifikiri amealikwa kwenye karamu.

Kisha kuna ufupisho. Vijana wetu wana uandishi wao, “xaxa”, “cjui”, “2po”, na Nairobi wana Sheng yao inayobadilika kila msimu. Simwambii mtu auache. Lugha ya kijiweni ina uhai wake, na mashine ndiyo yenye wajibu wa kujifunza. Lakini mambo ambayo lazima yafike, yaani bei, mahali, saa na namna ya kukupata, yaandike kwa Kiswahili kamili. Utani na mbwembwe viweke kwenye mstari wake. Ukifanya hivyo hata mteja wa Bukavu au Bujumbura, ambaye kijiwe chako hakijui, atakuelewa.

Jambo jingine dogo. Sisi hatuna neno la kutenganisha yeye wa kike na yeye wa kiume, lakini Kiingereza lazima kichague. Ukiandika “Daktari wetu amefika, mpokeeni”, tafsiri mara nyingi humfanya mwanaume. Kama ni mama, na ungependa ajulikane hivyo, mtaje: “Daktari wetu, Bi. fulani, amefika.”

Halafu saa. Katika mambo yote ya mtandao na Kiswahili, hili ndilo linalogharimu watu fedha waziwazi. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa ya mashine huanza usiku wa manane. “Saa tatu asubuhi” ikitafsiriwa neno kwa neno humfikia mgeni ikiwa ni saa tisa za usiku. Vivyo hivyo unapopanga tangazo litoke lenyewe baadaye: ukitaka litoke saa mbili usiku, chagua 20:00. Ukigusa mbili ya mashine, litatoka saa nane, ya usiku au ya mchana, kulingana na ulivyogusa.

Jirani yetu anafundisha mapishi mubashara, na wanafunzi wake wametawanyika. Mwanzoni aliandika tu “saa mbili usiku”, na kila mara nusu ya watu walikuta sufuria limeshaepuliwa. Sasa anaandika hivi: “Saa 2:00 usiku Dar es Salaam na Nairobi (20:00). Bukavu, Kigali na Bujumbura saa 1:00 usiku (19:00). Muscat saa 3:00 usiku (21:00). London saa 12:00 jioni (18:00).” Huo mstari wa London ni wa miezi ya kiangazi. Saa zao zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, saa hiyohiyo ya kwetu inakuwa 17:00 kwao, yaani saa 11 jioni, mpaka mwishoni mwa Machi. Afrika Mashariki na Oman saa hazibadilishwi, kwa hiyo anayepaswa kukumbuka ni wewe mwenye tangazo. Nakushauri uunakili mstari kama huo kwenye simu yako uwe unaubandika tu.

Kuhusu mahali, jua kwanza kwamba mtandao unaweza kukosea mji hata ukiwa umepata nchi. Intaneti ya laini za simu mara nyingi hutokea kwenye mitambo ya mji mkubwa, hivyo mtu wa Kigoma huonekana yuko Dar es Salaam na kuletewa matangazo ya Dar. Usitegemee mtandao ukuseme ulipo. Jiseme. Andika mtaa, mji na nchi kwenye wasifu wa ukurasa wako, kwa sababu Majengo ziko Nairobi, Mombasa, Moshi na Dodoma, Kilimani iko Nairobi na iko Unguja, na Mwanza iko Tanzania na ni wilaya ya Malawi. Unapoweka alama ya mahali kwenye picha, soma mstari mdogo wa chini yake kabla hujabonyeza.

Namba ya simu iandike kwa msimbo wa nchi, +255, +254, +243, na sifuri ya mwanzo uiondoe. Mteja aliyeko nje akiigusa namba inayoanza na 07, simu yake itatafuta namba ya kwao. Mama mdogo alikuwa amepoteza wateja wa namna hiyo bila kujua, ndugu wa Oman wanaotaka kuwanunulia wazazi wao kuku wa sikukuu.

Ukilipia tangazo, utaulizwa mahali na lugha kwa pamoja, na hapo ndipo maswali yale mawili huchanganywa tena. Kama unauza Tanga kwa watu wa Tanga, chagua mahali tu, lugha uiache wazi, kisha uandike tangazo lenyewe kwa Kiswahili. Ukichagua Kiswahili kama sharti, utawaacha nje majirani ambao mtandao haujawatambua kuwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu simu zao ni za Kiingereza, nao ni wengi mno. Sharti la lugha lina faida pale unapotafuta Waswahili walio wachache kati ya watu wengine: Muscat, London, Toronto. Huko liweke.

Mahali huchaguliwa kwa duara kwenye ramani. Litazame duara lako kabla ya kulipa. Ukilichora la kilomita 80 kuanzia Mji Mkongwe, litaimeza Dar es Salaam, na fedha yako itawatafuta watu wa Kariakoo wasiopanda boti kuja kununua mkate wa kumimina. Punguza duara, au chagua mji kwa jina.

Si kila mtu anataka kujulikana alipo. Simu za Android tangu toleo la 12 na iPhone tangu iOS 14 zinakuruhusu kutoa mahali pa kukadiria badala ya nukta kamili. Kwa mtandao wa kijamii, makadirio yanatosha. Nukta kamili waachie ramani na bodaboda. Picha nazo hubeba mahali ndani yake kama kamera imeruhusiwa. Ukituma picha WhatsApp kwa kawaida, taarifa hiyo huondolewa. Ukiituma kama faili ili isipungue ubora, huenda nayo. Wazazi wanaotuma picha za watoto kwenye makundi makubwa walijue hili.

VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye mitambo ya mahali pengine, hubadilisha anwani ya IP, kwa hiyo ukiiacha wazi usishangae kuletewa matangazo ya Uholanzi na kuulizwa kama kweli ni wewe unayeingia. Walioko Tanzania wakumbuke pia kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN kuisajili.

Limebaki lile la unachotulia kukisoma. Hata ukirekebisha mipangilio yote, mtandao wa video utaendelea kukuletea ulichozoea kukitazama. Tafuta kwa Kiswahili, andika “jinsi ya kufuga kuku wa kienyeji” badala ya kuandika kwa Kiingereza, kisha uzitazame video hizo mpaka mwisho na kuwaachia maoni wenye nazo. Usichokitaka, kishikilie kwa kidole mpaka ije orodha ya kusema hakikuvutii. Fanya hivyo kwa bidii wiki mbili. Na kama wewe ndiye unayepandisha video YouTube, nenda kwenye maelezo yake useme lugha ya video ni Kiswahili, kisha ongeza kichwa cha Kiingereza pembeni kama unataka wageni. Sehemu hiyo imejificha chini kabisa, na wengi huiacha tupu.

Mwenye nafasi ya nusu saa na sauti nzuri, aingie kwenye Common Voice ya Mozilla, ambako watu husoma sentensi za Kiswahili kwa sauti ili mashine zijifunze. Napenda sana kuona sauti za Lamu, Goma na Makunduchi zikiwa humo, siyo za Dar na Nairobi pekee. Unaweza pia kusikiliza za wenzako na kuthibitisha kama wamesoma sawasawa.

Ukimaliza yote, omba mtu aliye nchi nyingine afungue ukurasa wako, si wewe mwenyewe, maana kwako utaonekana kama ulivyouzoea. Akupigie picha ya skrini akutumie. Tazama lugha iliyobandikwa chini ya maandishi, namba ya simu, saa, na mji. Sisi tulimwomba yule binti wa Uingereza. Picha yake ilipofika, kitufe kilikuwa kimeandikwa tafsiri kutoka Kiswahili, na tangazo la mama mdogo lilisomeka hivi: “Kaka na dada, kuku wa kienyeji wanapatikana Tanga mjini, Tanzania. Njoo tarehe 4 Julai kuanzia saa 3:00 asubuhi (09:00), au nipigie nitakuletea nyumbani.”